Ufundi wa Kukaa na Watu Dikoni Mkokotoni

Barua za vijana wanaoomba kazi yao ya kwanza zina sentensi isiyokosekana: mwombaji ana uwezo wa kushirikiana na wenzake na kusimamia watu. Huwekwa karibu na mwisho, baada ya shahada na kabla ya majina ya wadhamini, na msomaji huipita bila ya kusimama. Kijana wa miaka 24, huyo amewasimamia watu gani, na wapi? Mimi swali hilo nalichukua kwa uzito, kwa sababu uwezo wenyewe nimeuona ukifanya kazi mchana kweupe katika diko la Mkokotoni. Naamini ni ufundi kamili, unaostahili kutazamwa kwa utulivu kama tunavyoitazama kazi ya wachonga milango wa Mji Mkongwe. Mlango ukikamilika, kila mpita njia anauona. Kazi hii ikikamilika hakuna cha kuonyesha: watu hawakugombana, daftari limejaa, mkutano umekwisha kabla ya adhana ya alasiri.

Mkokotoni iko pwani ya kaskazini-magharibi ya Unguja, mwisho wa barabara ya kilomita 31 inayotoka Bububu na kupita Mahonda. Ni makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Unguja, lakini uhai wa mji uko chini, ufukweni. Mbele yake kimelala kisiwa cha Tumbatu na miji yake ya Jongowe na Gomani, pamoja na magofu ya Makutani, mji wa kale uliofanya biashara na ng'ambo karne nyingi zilizopita. Watumbatu wanajulikana pwani nzima kwa ubaharia. Wanaume wao huenda dago: hufunga safari na vyombo vyao, wakapiga kambi pwani za mbali kwa wiki na hata miezi, wakivua pamoja, wakila chungu kimoja, wakarudi na fedha au na madeni. Boti za abiria huvuka kwenda na kurudi kisiwani, na maji yakitoka abiria huteremka mbali na kuja kwa miguu.

Diko ni pahala vyombo vinapotia nanga na samaki wakapandishwa. Asubuhi utawakuta hapo manahodha na mabaharia wao, wenye vyombo ambao wenyewe hawendi tena baharini, mnadi na sauti yake, wachuuzi wa baiskeli na wa pikipiki, akina mama wanaonunua kwa ajili ya kukaanga, wachukuzi wa matenga, vijana wa kupara samaki, na wazee ambao hawana kazi yoyote pale ila kuona kila kitu. Na yuko bwana diko, mtu mwenye daftari, anayeandika chombo gani kimerudi, kilikuwa na watu wangapi, kilitumia zana gani, kimeleta samaki gani, kilo ngapi na kwa bei gani.

Binti ninayetaka kumsifu sitamtaja jina, kwa kuwa sitaki sifa zangu zimfuate kazini. Ana shahada, ana mkataba mfupi, na kazi yake kwa maandishi ni nyepesi: kusaidia ukusanyaji wa takwimu za uvuvi. Tangu Zanzibar ilipounda Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi mwaka 2020, bahari imekuwa katika kila mpango wa maendeleo. Mikopo ya boti, masoko mapya, maeneo ya hifadhi, yote hayo yanahitaji tarakimu. Na tarakimu hizo, kabla hazijafika kwenye kompyuta yoyote, huanza na nahodha aliyelowa kumwambia bwana diko ukweli. Asipotaka kusema, au akasema nusu, hakuna mtaalamu wa mjini atakayeirudisha nusu iliyobaki.

Hapa ndipo ugumu wa kazi yake ulipo. Hana amri juu ya mtu yeyote pale. Hakumwajiri nahodha, hawezi kumfukuza mnadi, na bwana diko anayefanya naye kazi ana umri wa kumzaa. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama, na diko zima ni manahodha watupu, kila mmoja ana chombo chake na heshima yake. Mtu aliyezoea kusikia kwamba usimamizi ni kupanga kazi na kutoa maagizo angeshindwa Mkokotoni kabla ya saa mbili asubuhi.

Nilianza kumtazama kwenye salamu. Hufika kabla ya vyombo, wakati maji bado yako mbali, akaanza na wazee wanaoshona nyavu kivulini. Shikamoo, ami. Shikamoo, babu. Kila mmoja kwa jina lake la heshima, kila mmoja na swali linalomhusu yeye: mguu unaendeleaje, mjukuu amefaulu mtihani, ile mashine ya boti imepona. Haharakishi. Kisha akina mama, kisha mnadi, kisha vijana. Mgeni angedhani anapoteza muda wa serikali. Ukikaa ukatazama utagundua kwamba wakati anamaliza duru yake ameshajua nani hakutoka jana, nani ameuziwa mafuta kwa bei ya juu, chombo kipi kinangojewa kwa wasiwasi. Hajauliza hata swali moja la kazi, na nusu ya kazi imekwisha.

Chombo kinapotia nanga, yeye hasogei. Anangoja samaki wateremshwe, anangoja nahodha anywe maji, anangoja mnadi amalize. Jambo hili lilinichukua muda kulielewa. Mtu aliyekesha baharini, mwili wote chumvi, hapendi kuona kalamu kabla ya kuiona nchi kavu. Bwana diko anajua hivyo kwa miaka, na binti amekubali kufuata mwendo wa bwana diko badala ya kumwekea mwendo wake.

Kuna kipande cha kazi hiyo ambacho kwangu ndicho kipimo cha ufundi wake wote, nacho ni safari tupu. Chombo kikirudi bila ya kitu, nacho ni lazima kiandikwe. Ukiandika waliopata tu na ukawaacha waliokosa, wastani wako unapanda, na mjini watadhani bahari imejaa samaki. Lakini mwendee mwanamume aliyekosa, ana deni la mafuta, ana watoto wanaongoja kitoweo, umwambie: mzee, umepata kilo ngapi? Atakujibu neno moja, na kesho hatakujibu kabisa. Binti huyu humwendea aliyekosa kwa njia ya upepo. Huuliza usiku bahari ilikuwaje, umande uliwahi au ulichelewa, mkondo ulivuta wapi. Mvuvi yeyote ana la kusema juu ya upepo. Atasimulia, atafika kwenye nyavu, atafika kwenye mwamba aliokwenda, na mwisho mwenyewe atasema, basi mwanangu, andika sifuri. Nimeliona likitokea kwa watu wa tabia mbalimbali, na kila mara sifuri ilitoka kinywani mwa mwenyewe. Sifuri iliyopatikana namna hiyo ni takwimu safi kuliko kilo 200 zilizokisiwa kwa mbali.

Na bwana diko? Huyo ni mtu wa makadirio. Hutazama tenga akasema kilo 20, akaandika. Binti alikuja na mizani na maelekezo ya kupima. Wengi wa rika lake wangeiweka mizani juu ya meza na kumwambia mzee kwamba makadirio yamekwisha. Yeye alimwomba aendelee kukadiria kwanza, kisha wapime pamoja, kisha waandike vyote viwili, makadirio kwenye safu moja na mizani kwenye safu nyingine. Wakafanya hivyo asubuhi baada ya asubuhi. Kwenye tasi na changu mzee alikuwa karibu sana na mizani, kiasi cha kuwashangaza vijana. Kwenye matenga makubwa yaliyochanganyika, na kwenye pweza, jicho lilimpotea. Binti hakusema kitu. Safu mbili zilikuwa zikisema zenyewe, na mzee anajua kusoma. Siku moja, mbele ya tenga kubwa, yeye mwenyewe aliita, lete mizani. Tangu hapo mizani ni ya mzee, yeye ndiye anayeitunza na kuifuta chumvi, na kwenye tasi bado anaaminiwa jicho lake. Nalipenda jambo hili kupita kiasi. Elimu ya mzee haikutupwa, ilipimwa ikapewa mipaka yake, na aliyeweka mipaka ni mwenyewe.

Ufundi mwingine wa binti huyu umo katika kujua saa. Kaskazini ya Unguja huwezi kuita mkutano kwa kuangalia kalenda ya ukutani peke yake. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku kwa taa, na mwezi unapokuwa mpevu kazi yao hupungua, kwa hivyo siku za mbalamwezi wana nafasi na siku za giza wamelala mchana. Akina mama wa mwani ni kinyume. Kilimo cha mwani kilianza Unguja mwaka 1989 upande wa Paje, kikaenea hadi Kidoti na Tumbatu, na tangu mwanzo wengi wa wakulima wake ni wanawake. Wao hufuata bamvua, siku maji yanapotoka mbali kabisa, na katika bahari yetu maji ya bamvua hutoka mnamo saa nne asubuhi. Saa nne ndiyo saa ambayo ofisi zote hupenda kuitisha mikutano. Ukiita mkutano wa shehia siku ya bamvua saa nne, umeshaamua, bila ya kujua, kwamba wanawake wasiwemo. Kisha utaandika kwenye ripoti kwamba akina mama hawakujitokeza.

Binti ana karatasi aliyoichora mwenyewe: mwezi, maji, Ijumaa, siku za mnada mkubwa, na misimu ya kaskazi na kusi. Haionyeshi kwa watu. Anapopendekeza siku ya mkutano kwa mwenyekiti wa kamati ya wavuvi, anapendekeza siku mbili tatu ambazo kila kundi linaweza kuja, na mwenyekiti anachagua. Mwenyekiti huona amechagua yeye, na kweli amechagua yeye. Nimewahi kuhudhuria mikutano mingi iliyoandaliwa na watu wenye vyeo vikubwa, yenye maji ya chupa na posho, na sikuona hata mmoja ulioandaliwa kwa uangalifu wa karatasi ile.

Halafu ikaja kesi ya dema. Mzee mmoja anayetega dema, ule mtego wa samaki wa kusukwa kwa fito, alikuta madema yake manne hayapo. Akasema wavu wa vijana fulani umeyaburura. Vijana wakasema hawakuona chelezo yoyote juu ya maji, na mtu asiyeweka chelezo asimlaumu mwenziwe. Maneno yalipanda palepale ufukweni, mbele ya wanunuzi. Wasiojua hudhani dema ni kikapu tu. Dema husukwa kwa siku kadhaa, kwa mikono inayojua, na manne kwa mpigo ni hasara ya kumlaza mtu njaa.

Wote walimgeukia binti kwa sababu ana daftari na anatoka serikalini. Hapo nilishika pumzi. Angeweza kuifungua Sheria ya Uvuvi Na. 7 ya mwaka 2010 na kuanza kuhukumu. Alisema tu kwamba amesikia, na kwamba ataandika walichosema wote wawili, kisha akaandika polepole, akawasomea kila mmoja maneno yake. Kusomewa maneno yako mwenyewe kunashusha sauti. Watu walitawanyika.

Mchana alimuuliza bwana diko swali ambalo halimo katika kozi yoyote ya uongozi ninayoijua: hawa ni nani kwa nani? Akaambiwa kwamba kijana mmoja wa chombo kile ni mjukuu wa dada yake mzee. Alasiri alikwenda kwa mzee, nyumbani, akakaa barazani na kumsikiliza akieleza habari ya madema kwa urefu, namna ya kuchagua fito, pahala pa mlango, uzito wa jiwe. Siku ya pili akaonana na nahodha wa vijana, peke yake, mbali na mabaharia wake, ili asilazimike kujionyesha. Suala lenyewe akaliacha hadi Ijumaa baada ya sala, kwa sababu Ijumaa vyombo vingi havitoki na watu wamevaa kanzu safi, na mtu aliyevaa kanzu safi huwa mzito wa kutukana.

Mkutanoni yeye alikaa pembeni. Mwenyekiti wa kamati ndiye aliyeongoza. Binti aliomba jambo moja tu: mzee aonyeshe yalikuwa wapi. Mzee akachora mchangani kwa kijiti, huu mwamba, huu mkondo, huku Tumbatu. Vijana wakainama kutazama, na nahodha wao akasema, ami, sisi tulijua uko upande ule wa pili. Kumbe mzee alikuwa amehamia mwamba mpya baada ya kusi kuanza, na hakumwambia mtu, kwa kuwa mvuvi hatangazi pahala pazuri. Chelezo aliziweka, lakini zilikuwa chupa nyeusi, na usiku chupa nyeusi haionekani. Hapakuwa na mwizi wala muongo. Vijana walikubali kuleta vifaa na siku zao mbili za kazi kumsaidia kusuka mengine, mzee akakubali kuweka chelezo nyeupe, na mjukuu wa dada yake akapewa kazi ya kumwambia mzee usiku gani wavu wao unashuka upande wake. Binti akayaandika makubaliano, akayasoma kwa sauti, mwenyekiti akatia saini. Niliiangalia ile karatasi. Jina la binti halimo.

Nimejiuliza alijifunzia wapi. Darasani alipata nadharia, naye haidharau. Mwaka 1990 mtaalamu wa siasa wa Marekani, Elinor Ostrom, alitoa kitabu juu ya namna watu wa kawaida wanavyoweza kuitunza mali ya pamoja kwa kanuni walizojiwekea, na mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi. Mfano wake mmoja ni wavuvi wa Alanya, pwani ya Uturuki, ambao mnamo miaka ya 1970 walikuwa wakipigana kwa kugombania pahala pa kutega. Walijaribu kwa miaka kama kumi hadi wakapata utaratibu. Kila Septemba waliorodhesha wavuvi na kuyapa majina maeneo yote, kisha wakayagawa kwa kura. Tangu hapo hadi Januari kila mvuvi alisogea eneo moja kuelekea mashariki kila siku, na kuanzia Januari hadi Mei alielekea magharibi. Kila mmoja alipata zamu ya pahala pazuri, na mwenye zamu ndiye aliyekuwa askari wa zamu yake. Binti aliniambia kwamba alipousoma mfano huo aliwaza juu ya Tumbatu kabla ya kumaliza ukurasa.

Jambo la karibu zaidi na sisi limefanyika Kisiwa Panza, Pemba, ambako wanakijiji, wakisaidiana na shirika la Mwambao, walifunga sehemu ya mwamba wao wa pweza kwa miezi mitatu hivi, kisha wakaufungua kwa siku waliyokubaliana. Pweza hukua haraka sana, kwa hivyo mapumziko mafupi huleta pweza wazito. Sayansi yake ni nyepesi. Kilicho kizito ni kumwambia mama anayeshuka mwambani na kijiti chake kutafuta kitoweo cha leo kwamba asishuke hadi miezi mitatu ipite, na akakubali, na akamzuia hata jirani yake. Hapo hapahitajiki mtaalamu wa pweza. Anahitajika mtu anayejua nani atakaa na njaa kwa ajili ya mpango, na anayeanza mazungumzo na huyo kabla ya wengine wote.

Lakini skuli yake kubwa, kwa maoni yangu, ni vyombo vyenyewe. Mtazame nahodha mzuri chombo kinapobisha. Upepo uko mbele, hawezi kwenda moja kwa moja, anakwenda kwa pembe, huku na huku. Wakati wa kugeuza, foromali inahamishwa, mwenye demani analegeza, mwenye kufua maji anaendelea kufua, na nahodha kwenye usukani anasema maneno machache mno. Kila mtu ana kamba yake na anaijua. Baharia akichelewa, chombo kinapiga kelele na kila mtu anaelewa, na nahodha hamkaripii pale. Atamwambia baada ya nanga, wakiwa wawili. Manahodha wa namna hiyo hawakosi mabaharia hata msimu ukiwa mbaya, na wanaopiga kelele hubadilisha watu kila mwezi. Diko zima linawajua hawa na wale.

Na mtazame tena wakati wa mgao. Gharama hutolewa kwanza, mafuta, barafu, chakula, kisha fungu la chombo na zana, kisha la watu. Kanuni za mgao hutofautiana chombo kwa chombo, lakini hesabu hufanywa mbele ya wote, shilingi kwa shilingi, na kijana mdogo aliyefua maji usiku kucha anasikia fungu lake likitajwa kwa sauti ile ile. Binti alilichukua hilo kama lilivyo. Posho ya vijana wawili wanaomsaidia, mmoja wa simu na programu ya takwimu, mwingine msichana mpole kutoka Jongowe anayewajua samaki kwa majina ya Kitumbatu, huisoma mbele ya wote, pamoja na ya bwana diko na yake mwenyewe. Nimeona timu ndogo zikivunjika mjini kwa bahasha zilizotolewa mlango umefungwa. Hii haijavunjika. Yule kijana wa simu alikuwa akijiona bora, na binti alimpanga wiki moja amwandikie msichana wa Jongowe majina ya samaki anayoyataja. Alirudi na majina ambayo programu yake haikuwa nayo, na tangu wakati huo humsubiri mwenzake kabla ya kuanza.

Nisije nikamfanya malaika. Hukasirika, na nimemwona akikunja daftari na kwenda kusimama peke yake karibu na mikoko mpaka hasira ipungue. Wapo manahodha ambao bado hawampi tarakimu za kweli, na anawajua, na anawaandika kwa alama yake ya kuonyesha shaka. Wapo wanaosema binti hafai kukaa dikoni. Hawajibu. Akina mama wa kukaanga samaki ndio wanaowajibu kwa niaba yake, na majibu yao ni makali kuliko ambayo yeye angethubutu.

Lililobaki ni la vyuo vyetu, na nalisema kwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kule Tunguu, kwa Taasisi ya Sayansi za Bahari kule Buyu, na kwa wizara inayowapokea wahitimu wao. Mafunzo ya vitendo ya wiki chache hayatoshi hata kuuona mwezi ukiandama na kupevuka mara mbili, na ufundi huu hujifunzwa kwa mwezi na maji. Mpelekeni mwanafunzi dikoni kwa msimu mzima, kusi au kaskazi. Mlipeni bwana diko kama mwalimu, kwa kuwa anafundisha. Na mwisho wa msimu, kabla mwalimu wa chuo hajaweka alama zake, muulizeni mzee huyo kama angependa mwanafunzi arudi msimu ujao. Jibu lake liandikwe kwenye cheti, kwa maneno yake mwenyewe.